Kaniwashie Jikoni: Familia, Kabila na Sigara ya Kijana

(Mhadhara kwa wazazi na walimu)



Nimeombwa nieleze kwa nini kijana huyu anavuta sigara na jirani yake havuti, hali wanasoma darasa moja na kucheza uwanja mmoja. Jibu la mitaani mnalijua. Watu husema ni damu: baba yake alivuta, babu yake alivuta, mtoto wa nyoka ni nyoka. Wakitoka hapo husema ni kabila: hao watu wa huko ndivyo walivyo, tumbaku kwao ni kama chakula. Mimi jibu hilo silikubali. Familia ina nguvu, na kabila lina nguvu pia, ila nguvu hiyo hupitia katika amri ndogo ndogo za nyumbani: nani hutumwa dukani, nani haruhusiwi kuvuta mbele ya nani, na tumbaku huingia ndani kwa sura gani.

Nianze na amri ambayo wengi humu mmewahi kuitii. Jioni, babu amekaa barazani. Anaita mtoto wa miaka tisa au kumi, anampa sarafu: kalete sigara mbili, na chenji irudi. Dukani pakiti imeshafunguliwa, imesimamishwa kando ya chupa ya peremende na bigijii, na kiberiti kimefungwa kamba kwenye nondo za dirisha kisije kikaondoka na mteja. Mwenye duka hamuulizi mtoto umri. Anajua ni za babu. Mtoto anarudi, babu anajipapasa mfukoni, hana kiberiti, na hapo hutoka amri ya pili: "Kaniwashie jikoni."

Sasa tazameni kinachotokea jikoni. Sigara ukiigusisha tu kwenye kaa huungua ncha ikazima. Ili ishike moto sharti ivutwe. Basi mtoto anachuchumaa mbele ya jiko, mama yake akikoroga mchuzi pembeni. Anaitia sigara mdomoni, anainama mpaka ncha iguse kaa, anavuta. Anakohoa, macho yanajaa machozi, shangazi anacheka, na yeye anainuka kuipeleka barazani akiikinga na upepo kwa kiganja.

Pafu lake la kwanza amelipata kwa utii. Hapo hakuna rafiki mbaya, hakuna kijiwe, hakuna tangazo. Hata adhabu hakuna, kwa sababu amefanya alichoambiwa, na amesifiwa kwa kutopoteza chenji. Miaka minne baadaye mwalimu wa nidhamu atamkamata nyuma ya vyoo na kipisi mkononi, aitwe mzazi, na mzazi atasema mtoto ameharibiwa na makundi.

Sisemi makundi hayana lawama. Kila utafiti wa vijana ninaoufahamu unaonyesha kwamba marafiki wanaovuta ni hatari kubwa. Lakini nyumbani hatuwezi kujitoa. Mwaka 2011 watafiti wa Uingereza walikusanya tafiti nyingi zilizokwisha kufanywa na kuzipima kwa pamoja, wakachapisha matokeo katika jarida la Thorax. Mtoto ambaye angalau mzazi wake mmoja anavuta alikuwa na uwezekano wa kuanza kuvuta unaozidi ule wa mwenzake kwa takriban mara 1.7. Wazazi wote wawili wakivuta, unazidi kwa mara 2.7. Sigara ya mama ilionekana kuwa na uzito kuliko ya baba. Na linalopaswa kutushtua sisi wenye nyumba za watoto wengi: kaka au dada anayevuta alizidisha uwezekano kwa mara 2.3, kiasi kinachozidi cha mzazi mmoja. Tunamwonya baba asivute mbele ya watoto, na kaka mkubwa aliyerudi likizo kutoka chuoni hakuna anayemwambia kitu, wakati yeye ndiye anayelala chumba kimoja na wadogo zake.

Je, damu haimo kabisa? Imo. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba kuna urithi katika uraibu: mtu mmoja akionja hunaswa upesi, mwingine huonja akaacha. Lakini kuonja kwenyewe, hasa katika umri wa kubalehe, kunafuata zaidi mazingira ambamo kijana anaishi. Ukiwa na udhaifu wa kurithi ndani ya nyumba isiyo na sigara, udhaifu huo unaweza kulala mpaka uzeeni bila kuamshwa.

Sasa kabila. Hapa watu huanza kutazamana, nami nitasema taratibu.

Katika Afrika Mashariki tumbaku haina sura moja. Kwa Wamasai ugoro ni wa wazee. Kumpelekea mzee tumbaku ni heshima, na mgeni aliyekuja kuposa asiye na tumbaku amekuja mikono mitupu. Dodoma utakuta bibi wa Kigogo ana kikopo chake cha ugoro ndani ya fundo la kanga. Bukoba wazee wanakumbuka bibi zao wakivuta kiko. Nyanza wapo bibi wanaovuta sigara ncha yenye moto ikiwa ndani ya kinywa, jambo linalomshangaza mgeni kila anapoliona. Pwani, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, tunayo tambuu: jani, popoo, chokaa, na kwa wengi kipande cha tumbaku. Penye miraa, sigara huifuata, kwa sababu watafunaji wengi husema miraa haikai vizuri bila moshi.

Angalieni mfuatano huo. Kila jamii imeamua ni tumbaku ipi inayohesabiwa na ipi haihesabiwi. Mzee wa Pwani ambaye angemfukuza binti yake kwa kumkuta na sigara hana neno na tambuu ya mama yake yenye tumbaku. Kwake hiyo ni tambuu tu. Mtoto anajifunza mpaka huo bila kufundishwa, na anapofika miaka kumi na tano anautumia. Ndiyo maana shisha ilipoingia Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, mabinti wa nyumba za heshima waliipokea upesi sana. Ilinukia tufaha. Ilikaa sebuleni kama birika la kahawa. Haikuwa sigara, kwa hiyo haikuwa imekatazwa. Shirika la Afya Duniani lilikwisha kuonya mwaka 2005 kwamba kikao cha saa nzima kinaweza kumwingizia mtu moshi mwingi kama wa mvuta sigara 100 au zaidi. Tanzania ilipiga marufuku shisha mwaka 2016, Kenya na Rwanda zikafuata Desemba 2017. Nendeni arusini muone marufuku hiyo inavyotiiwa.

Jamii zetu nyingi zina kanuni nyingine tunayojivunia: kijana havuti mbele ya wakubwa. Nimewaona wanaume wa miaka arobaini, wenye watoto wao, wakifumbata sigara inayowaka ndani ya kiganja baba anapopita, mpaka inawachoma. Tunaiita adabu, na kweli ni adabu. Ila kanuni hiyo inatawala kuonekana, kuvuta haikugusi. Kijana aliyelelewa nayo anajua kujificha kabla hajajua kukataa. Anajua peremende ya mnanaa ya kuua harufu, anajua kuvuta akiwa ameshika sigara kwa kijiti ili vidole visinuke. Mzazi anaridhika kwa sababu hajaona, na mtoto anaridhika kwa sababu hajamvunjia mzazi heshima. Kati yao hakuna aliyesema neno moja kuhusu tumbaku yenyewe.

Kanuni hiyo imewabana wasichana kuliko wavulana, na kwa muda mrefu iliwakinga. Utafiti wa watu wazima uliofanyika Kenya mwaka 2014 ulikuta wanaume 19.1 kati ya kila 100 wanatumia tumbaku ya aina yoyote, na wanawake 4.5. Tanzania Bara na Visiwani mwaka 2018 wanaume walikuwa 14.6, wanawake 3.2. Lakini mwaka 2013 wanafunzi wa Kenya wa miaka 13 hadi 15 walipoulizwa shuleni, wavulana walikuwa 12.8 kati ya 100 na wasichana 6.7. Tafiti hizo hazikufanywa kwa mbinu moja, sitaki mtu atoke hapa akizijumlisha kama hesabu ya sokoni. Hata hivyo, katika watu wazima wanaume ni zaidi ya mara nne ya wanawake, na katika watoto ni kama mara mbili. Ukuta uliowakinga bibi na mama hauwakingi mabinti kwa kiasi kile kile, na kabila halijabadilika.

Hapo ndipo napenda kuwapeleka Marekani kwa muda, kwa sababu huko jambo hili limepimwa kwa muda mrefu kuliko mahali pengine ninapopajua, na jibu lake liliwashangaza wenyewe.

Tangu mwaka 1975 Chuo Kikuu cha Michigan kimekuwa kikiuliza kila mwaka maelfu ya wanafunzi wa mwisho wa sekondari kuhusu dawa za kulevya, pombe na sigara. Miaka ya kwanza ya utafiti huo, vijana weusi na vijana weupe walikuwa karibu sawa: katika kila kundi zaidi ya robo walivuta kila siku. Kisha vijana weusi wakaanza kushuka. Walishuka mwaka baada ya mwaka, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliovuta kila siku walikuwa kama 4 au 5 kati ya 100, hali weupe walikuwa bado karibu 20. Watu walidhani ni uongo. Labda vijana weusi wanaficha, labda wavutaji wameshaacha shule hawakuhesabiwa. Tafiti za majumbani zikafanyika, watu wakapimwa hata mabaki ya nikotini mwilini. Tofauti ilikuwa ya kweli.

Zingatieni muda: chini ya miaka ishirini. Damu ya watu haibadiliki kwa miaka ishirini. Kilichobadilika ni namna ya kuishi. Watafiti walipowauliza wazazi na vijana, walikuta mambo kadhaa yanayorudi. Wazazi weusi walikuwa wakisema waziwazi na mapema: hapa kwangu havuti mtoto, na ukivuta nitajua. Wazazi weupe wengi walidhani ni hatua ya ujana itakayopita. Kanisa lilikuwa na sauti. Wasichana weupe walivuta ili wasinenepe. Wasichana weusi hawakuwa na hofu hiyo kwa kiasi kile. Na sigara ni pesa. Hakuna sababu moja iliyoshinda nyingine, na mimi siamini kwamba ipo.

Ningeishia hapo mngetoka na furaha, lakini habari hii ina nusu ya pili. Vijana hao weusi walipofika miaka ya ishirini na kuendelea, pengo liliziba. Watu wazima weusi wa Marekani wanavuta kwa kiwango kinachokaribiana na cha weupe, na kwa miaka mingi wanaume weusi wamekufa kwa saratani ya mapafu zaidi kuliko weupe. Familia ilimshika kijana mpaka akatoka nyumbani. Nje ya mlango alikuwa akisubiriwa.

Aliyemsubiri ni mwenye kiwanda, na alikuwa ameshafanya kazi yake ya nyumbani. Mwaka 1953 wavutaji weusi waliopenda sigara za mentholi, zile za baridi mdomoni, walikuwa kama 5 kati ya 100. Kampuni zikahamishia matangazo ya mentholi kwenye magazeti yanayosomwa na watu weusi, zikabandika mabango kwenye mitaa yao, zikapita na magari ya kugawa sigara za bure. Leo ni kama 85 kati ya 100. Mwanzoni mwa 1990 kampuni ya R.J. Reynolds ilijiandaa kuzindua sigara iitwayo Uptown katika jiji la Philadelphia, imetengenezwa mahsusi kwa wateja weusi, na haikuona haya kusema hivyo. Wachungaji na vikundi vya mtaani wakaungana, Waziri wa Afya Louis Sullivan akaishambulia hadharani, na mwezi huo huo wa Januari kampuni ikaiondoa kabla haijafika madukani. Miaka kumi na tisa baadaye, sheria ya mwaka 2009 ilipiga marufuku sigara zenye ladha za matunda na peremende nchini humo, ikaiacha mentholi.

Kwa hiyo anayesema kabila fulani linapenda aina fulani ya sigara, ajiulize kwanza nani alilipa ili ipendwe.

Wenyeji wa asili wa Amerika nao wana funzo linalotuhusu. Vijana wao ndio wenye viwango vya juu vya kuvuta kuliko kundi lolote Marekani, na kwa jamii zao nyingi tumbaku ni kitu kitakatifu, hutolewa sadaka, huambatana na dua. Wapo wazee wao ambao hawakukubali kuambiwa waache mila. Wamekwenda kwa vijana wao na kusema: tumbaku ya ibada ni hii, hutumika hivi na wakati huu, ile ya pakiti ya dukani haina uhusiano nayo. Nadhani mzee wa Kimasai anaweza kuongea na kijana wake kwa lugha hiyo, na atasikilizwa kuliko bango la wizara lenye picha ya pafu jeusi.

Wahamiaji wa Kiasia wanaonyesha upande mwingine. Binti aliyehamia Marekani na wazazi kutoka nchi ambako mwanamke havuti, naye huwa havuti. Kadiri vizazi vinavyozoea nchi mpya, ndivyo mabinti wanavyokaribia desturi za wenzao waliozaliwa huko. Ndugu zetu walioko Minneapolis, Toronto au London watalitambua jambo hili bila takwimu.

Nirudi nyumbani, kwenye jambo ambalo hatupendi kulizungumza kwa sababu limevaa suti. Ziko familia ambazo tumbaku kwao ni shamba. Urambo na sehemu nyingine za Tabora, Migori na Kuria upande wa Kenya, watoto huchuma majani, huyatunga kwenye vijiti, hubeba kuni za bani, banda la kukaushia majani hayo. Jani bichi likiwa na umande huvujisha nikotini kwenye ngozi. Mtoto hupata kizunguzungu, hutapika, na mama hudhani ni malaria. Sare ya shule imetoka kwenye jani hilo. Karo imetoka humo. Mwalimu akisimama ubaoni kusema tumbaku inaua, mtoto anajua kwamba tumbaku ndiyo iliyomlipia daftari anamoandika sentensi hiyo. Mimi sina maneno mepesi kwa mtoto huyo, na ninawaonea wivu wenzangu wanaodai wanayo.

Kuhusu sheria nitasema kwa ufupi. Tangu 2007 sheria ya Kenya inakataza kumuuzia sigara mwenye umri chini ya miaka 18 na kuuza pakiti yenye sigara chini ya kumi. Uganda mwaka 2015 ilipandisha umri mpaka 21. Yaani ile safari ya mtoto kwenda kuleta sigara mbili za babu inavunja sheria ya Kenya mara mbili. Sigara ya moja moja ndiyo bei ya mtoto. Pakiti nzima hana pesa zake. Nami naongeza kwamba mwenye duka si wa kulaumiwa peke yake, kwa kuwa sisi ndio tuliomzoesha kuona mkono mdogo ukipitia dirishani. Kampuni nazo hazijalala: mwaka 2019 viliingia Kenya vifuko vya nikotini, vya kubana kwenye ufizi, visivyo na moshi wala harufu. Kanuni yetu ya kutoonekana imepata bidhaa inayolingana nayo kabisa.

Swali ninaloulizwa kila mara, tena na baba anayenisubiri mpaka wengine waondoke, ni hili: mimi mwenyewe navuta, nitamwambia nini mtoto? Wengi huamua kunyamaza kwa kuona haya. Kunyamaza ndiko kubaya zaidi. Mvutaji anayempenda mtoto wake ana ushahidi ambao daktari hana: anajua saa kumi na moja alfajiri kikohozi kinavyomwamsha, anajua amejaribu kuacha mara ngapi na pesa ngapi zimeungua. Aseme hayo. Aache kumtuma dukani, aache kumwashisha, avutie nje ya nyumba. Tafiti zinaonyesha kwamba nyumba iliyokatazwa moshi ndani huwasaidia watoto hata pale wazazi wanapoendelea kuvuta nje.

Na akiweza kuacha, aache mapema. Huko jimbo la Washington, Marekani, watafiti walifuatilia watoto kutoka darasa la tatu, wakiwa na miaka minane au tisa, mpaka wanamaliza sekondari. Pale ambapo wazazi wote wawili walikuwa wavutaji na wote wakaacha kabla mtoto hajafika darasa hilo la tatu, uwezekano wa mtoto kuja kuwa mvutaji wa kila siku ulipungua kwa asilimia 39 ukilinganisha na watoto ambao wazazi wao waliendelea. Mzazi mmoja akiacha ulipungua kwa kama robo. Haukufika chini kama wa watoto ambao wazazi wao hawakuvuta kamwe, lakini ulishuka.

Mwenye mtoto wa chekechea, basi, bado ana miaka mitatu au minne mbele yake. Mwenye kijana wa miaka kumi na saba ambaye tayari anavuta ana kazi ya namna nyingine, na fimbo haimo ndani yake, kwa sababu kijana huyo ameshakuwa mgonjwa wa uraibu na zahanati zetu nyingi hazina chochote cha kumpa. Hilo ningependa walimu wakuu waliomo humu tulizungumze na mganga mkuu wa wilaya kabla hatujatawanyika, maana naona naye yupo.